Koti la Mkono Mfupi na Mji wa Mvua

Maganga, mtani wangu, mpagazi uliyetua mzigo bila ruhusa,

Nimekaa kwenye kiti chako, chumba cha mbele nyumbani kwa mama yako hapa Isevya. Ni saa tisa alasiri, Jumapili, saa zetu zile. Kompyuta yako iko mbele yangu na inavuma kama mashine ya kusaga. Jana tumemaliza arobaini yako. Nina la kuungama na nina la kukushitaki, na kwa kuwa huwezi kunikatiza safari hii, nitaanza na la kuungama.

Siku ya mazishi sikukutania.

Unajua mwenyewe uzito wa jambo hilo. Ninyi Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zenu wakibeba pembe kwenda pwani, babu zetu wakiwazibia njia na kudai hongo ndipo wapite. Ndiyo maana Mnyamwezi akifa, Mzaramo ana kazi. Asimame mbele ya jeneza, adai hongo, amseme marehemu kwa uvivu wake wa kufa mapema, mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki. Wewe ulimfanyia baba yangu. Ulilala chali mlangoni ukadai hutaamka mpaka upewe nazi, na mama yangu, ambaye siku mbili hakuwa amesema neno, alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilisimama njiani. Nikanyoosha mikono yote miwili. Nikafungua mdomo niseme "Hapiti mtu!", badala yake nikalia. Nililia mpaka watu wakanishika mabega wakanisogeza, na jeneza lako likapita pembeni yangu bila kulipa kitu. Mama yako alikuwa anatazama kutoka barazani. Akasema, si kwa hasira, "Na mtani naye analia? Sasa nani atatuchekesha?" Akaingia ndani.

Tangu siku ile hakula sawasawa. Dada yako Zuhura alikuwa akinipigia simu kila jioni. Anaonja uji vijiko viwili, anasukuma bakuli. Anakaa mlangoni anaangalia njia. Nguo zinamvuka. Zuhura aliniambia waziwazi, "Kaka Kondo, hili ni lako. Umeliacha katikati." Nikajua arobaini ikipita sijalimaliza, nitakuwa nimekuzika wewe kisha nije kumzika na yeye.

Basi siku zote hizo nilikuwa nakaa kwenye cherehani yangu natafuta utani wa kukutania, na kila nikitafuta naangukia kwenye ugomvi wetu uleule wa miaka kumi na miwili. Lile gemu.

Tuliliita Mji wa Mvua kwa sababu jina lake la Kiingereza lilikushinda kutamka (usibishe). Mji wa siku zijazo, makampuni yamenunua mpaka mahakama, maskini wamefungwa vyuma mwilini ili wafanye kazi bila kuchoka, na mvua hainyeshi kidogo wala haikatiki. Shujaa ana koti refu jeusi na miwani ya giza. Ulilileta kwenye kompyuta hii kuukuu uliyoifufua mwenyewe, ukaniita niache kushona suruali za watu nije nione maajabu. Nikaja. Nikaona watu wenye sura za matofali na mikono isiyo na vidole. Nikakwambia, haya ndiyo maajabu?

Ndipo yalipotoka matoleo ya baadaye, la pili, kisha la tatu, na mimi nikapata fimbo ya kukuchapia. Nikasema la pili ni bora na la tatu bora zaidi. Ukachemka! Ulikuwa unasimama kabisa, unaacha simu ya mteja uliyokuwa unaitengeneza ikiwa wazi mezani, unanihubiria. Nami kadiri ulivyochemka ndivyo nilivyolisifu la tatu.

Leo nakwambia kweli. Nilikuwa nakutania. Nilijua tangu mwaka ule wa kwanza kwamba la kwanza halina mwenzake, na nisingekwambia hata kwa viboko.

Nilijulia kwenye ule mlango wa mnara wa maji. Wiki tatu tulihangaika na namba yake ya siri. Tulijaribu namba zote za mabango, ulijaribu mpaka namba ya simu ya mkeo mtarajiwa aliyekukataa. Hakuna mshale, hakuna sauti ya kukwambia nenda kule. Mwishowe siku moja ulikuwa unapita tu uchochoroni, ukasimama kumsikiliza mama mmoja mfua nguo, ambaye hakuwa na kazi yoyote kwenye hadithi, analalamika kwamba mumewe mlinzi wa mnara hukumbuka siku aliyozaliwa mbwa wake kuliko siku ya harusi yao, na tarehe yenyewe akaitaja. Ukageuka ukanitazama. Nami nikakutazama. Tulifungua kamusi kuhakikisha neno moja, ukaandika tarehe ya mbwa, mlango ukafunguka. Tulikumbatiana kama watu waliotoka Maka. Kwenye toleo la pili mshale wa njano unakupeleka mpaka mlangoni na mlango unajifungua wenyewe. Unaingia kama mgeni rasmi. Hutoki na kitu.

Nitalitendea haki la tatu, maana wewe hukuwahi. Mvua yake ni nzuri. Ukitazama tope la mtaani unaona taa zinavyotetemeka ndani yake, na kwa mtu wa Tabora anayesubiri mvua mpaka Novemba, hilo si dogo. Nguo zake pia zimeshonwa na mtu anayejua mshono. Niliangalia ukosi wa lile koti nikavutiwa. Ila shujaa wake ana jina lake tayari na sauti yake tayari, na anaongea kuliko dalali. La kwanza linakutaka tangu mwanzo uandike jina, kisha linanyamaza, na kila analofanya yule mtu umelifanya wewe. Mimi niliandika "Simba wa Pwani". Wewe sikuwahi kujua uliandika nini. Kila lilipokuwa linafunguka uliziba kioo kwa kiganja ukasema, "Jina la shujaa haliangaliwi na Mzaramo." Nikadhani umejiita mfalme fulani wa Unyanyembe, ndiyo majivuno yenu.

Na kuna yule mlinzi wa ngazini. Hapo ndipo linaponiuma.

Wewe ulimaliza misheni zote bila kuua mtu. Ulikuwa unajificha nyuma ya pipa dakika ishirini mlinzi apite, mimi nasinzia. Nilipocheza mwenyewe sikuwa na subira hiyo. Mlinzi wa kwanza kabisa, yule kijana wa ngazini, nilimpiga risasi nikapanda juu. Baadaye sana, karibu na mwisho, nikafika darajani, nikamkuta bibi amekaa kwenye ngazi za daraja, kwenye mvua. Akaniuliza kama nimemwona mwanawe, analinda ngazini, hajarudi. Nikabonyeza kila kitufe. Hakukuwa na jibu la kumpa. Kulikuwa na kuondoka tu. Nilicheka siku ile, nikakusimulia kama kichekesho. Wewe hukucheka. Ulisema, "Ndiyo maana nalipenda hili. Humu kila mtu ana mama." Kwenye matoleo yaliyofuata unaangusha walinzi mia na hakuna anayekuja kuwaulizia.

Nilikuwa simwelewi yule bibi mpaka nilipomwona mama yako amekaa pale mlangoni.

Sasa koti. Nalo niliungame. Uliponiomba nikushonee koti kama la shujaa, mpaka kwenye magoti, kwa jua hili la Tabora, nilishona vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona, kisha nikafupisha mkono wa kushoto kwa makusudi, inchi tatu nzima. Nilitaka ulirudishe kwa hasira tugombane. Hukulirudisha. Ulilivaa siku ya Eid, ukapita nalo sokoni, jasho linakumiminika, na kila aliyeuliza ulimjibu, "Fundi wangu ni Mzaramo, mkono mwingine alikuwa amelala." Nilipoteza wateja wawili kwa lile koti. Sijawahi kukusamehe.

Basi jana. Dua imesomwa, watu wamekaa mkekani, sinia za pilau zimetoka. Mama yako amewekewa yake, hajaigusa. Mimi nilikuwa chumbani kwako. Zuhura alinipa koti. Nikalivaa, nikavaa na miwani yako ya kuchomelea kwa kuwa ile yako nyeusi kama ya shujaa hatukuiona, nikatoka nikasimama katikati ya mlango wa uani, mikono nimenyoosha, mmoja mrefu mmoja mfupi.

Nikasema, "Hapiti mtu! Maganga alipita njia yangu bila kulipa hongo, akatumia nafasi nilipokuwa nimeingiwa na vumbi machoni. Wanyamwezi ni wajanja! Basi deni lake linalipwa na mama yake. Hongo ya leo ni matonge kumi ya pilau, niyaone kwa macho yangu yanashuka. La sivyo nitakaa na koti hili mlangoni mpaka mvua ya Novemba."

Maganga, hakuna aliyecheka. Jasho lilikuwa linanishuka mpaka kwenye viatu. Nikajua nimeharibu mara ya pili.

Mama yako alinitazama. Akautazama mkono wa kushoto. Akasema polepole, "Kumbe ni wewe ndiye uliyeshona ule uchafu? Mwanangu aliniambia mkono umeliwa na panya!"

Akacheka. Kwanza kwa pua tu, kisha mabega, kisha akawa anapiga goti lake kwa kiganja, machozi yanatoka, na watu wote mkekani wakapasuka. Sokoni ulinitangaza, ila kwa mama yako ulinificha. Miaka yote ile ukawasingizia panya. Nilisimama pale nimenyoosha mikono mpaka alipomaliza tonge la kumi, na alikula na la kumi na moja akasema hilo ni la panya.

Kwa desturi mtani anaruhusiwa kuondoka na kitu cha marehemu. Nilidai kompyuta. Mama yako akasema, "Ibebe, ila ichezee hapahapa, nisikie inavuma." Ndiyo maana nimekaa hapa.

Sasa la kukushitaki.

Nimeiwasha. Nimefungua Mji wa Mvua, pale ulipohifadhi mara ya mwisho, siku mbili kabla presha haijakuangusha dukani. Hakukuwa na kiganja cha kuziba kioo. Jina la shujaa limetokea katikati, herufi kubwa nyeupe: KONDO.

Nilitoka nje nikanawa uso. Nikarudi, bado limeandikwa vilevile.

Miaka kumi na miwili, Maganga. Yule mtu aliyekuwa anajibanza nyuma ya mapipa asimwue mtu, aliyerudisha dawa kwa watoto wa bandarini, aliyesimama kumsikiliza mfua nguo, ulimwita kwa jina langu. Na mimi nimekaa kando yako kila Jumapili nakutukana.

Ulikuwa umesimama mbele ya mlango wa mwisho kabisa. Sikuufungua. Niligeuka nikarudi njia nzima, kwa miguu, kwenye ile mvua mbaya iliyochorwa kwa mistari tu, mpaka darajani, kule ambako siku zote ulikataa kupita nikiwepo. Yule kijana wa ngazini yuko pale, mzima, anauza tambi kwenye kibanda. Bibi amekaa pembeni yake. Nimemsogelea, maandishi yakatokea, nimeyasoma bila kamusi. Anasema: Kondo, asante, mwanangu amerudi.

Mama yako ameingia saa hii na kikombe cha chai, ananiuliza nalia nini. Nimemwambia ni vumbi. Amesema Wazaramo na vumbi lenu, na ameketi hapa karibu nami, anakunywa chai yake mwenyewe na kipande cha muhogo, anakitafuna.

Lala, mtani. Kila Jumapili saa tisa nitakuwa kwenye kiti hiki, na mama hatapita mlango ule kabla sijaona sahani yake tupu. Mlango wa mwisho nitaufungua siku nitakayokuwa na subira yako, na sitaua mtu.

Mkono wa koti siurefushi.

Mimi,
Kondo wako