Jina Chini ya Gasketi

Jumatatu, 30 Septemba 2019

Nimerudi kutoka jikoni shuleni nikiwaka. Hata viatu sijavua.

Mzee Orville Shumate — miaka themanini na hana haya! Kanikuta nimepitia dukani, pale kwenye rafu ya unga. Dwain, ndugu yangu, ameshabandika tangazo kila nguzo: Jumamosi, maonyesho ya magari ya kanisa, Chevelle ya '69, injini ya mbio iliyoundwa na marehemu baba yetu, Clyde Absher. Basi mzee akaegemea kitoroli chake, akasema mbele ya watu, Mwambie Dwain aandike na jina la mwenye vyuma.

Nikamwambia Baba ana miezi minane tu kaburini, muache apumzike.

"Mimi sina neno na kaburi, binti. Fungueni manifoldi, hiyo inayobeba kabureta. Upande wa chini, pale karatasi ya gasketi inapofunika, niligonga jina la mke wangu. Miaka hamsini naomba mtu aifungue tu."

Miaka hamsini! Wimbo uleule, eti Baba alimwibia vyuma vya injini! Baba alishaeleza: vyuma vile alipewa na msimamizi wake kiwandani kule Michigan, zawadi, siku aliyoacha kazi. Alikula kiapo mbele ya kanisa, mkono juu ya Biblia. Bado wakamvua ushemasi kwa maneno ya huyu. Mama alilia hadi akaugua.

Bwana unisamehe, nilitamani kumpiga kwa mfuko wa unga.

Nimempigia Dwain. Tunamleta mtu wa kusoma namba za vyuma, aseme vimetoka wapi. Tumzibe huyu mzee mdomo, imetosha.

Jumatano, 2 Oktoba 2019

Mtu wa namba amekuja. Gaither anaitwa, kutoka ng'ambo ya mlima. Kikongwe mwembamba, kioo cha daktari wa meno mfukoni na mswaki wa waya. Dwain kaondoa turubai juu ya gari. Harufu ya Baba ikatoka! Nikageuka nikajifanya nafunga banda.

Gaither akainama. Anasugua, anamulika, anasoma, anaandika kwenye kiganja. Kwanza silinda hedi, kichwa cha injini. Kisha manifoldi — lile dude la aluminiamu linalobeba kabureta. Akapiga mluzi.

"Hii haikuuzwa dukani, mama. Hizi zilitengenezwa chache, za watu wa mbio tu. Na mnazifunika turubai!"

Dwain karuka kama mtoto. "Nilikwambia! Nilikwambia, Lorene!" Nami nimemshukuru Mungu kwa sauti, palepale kwenye vumbi.

Halafu Gaither akasugua tena pembeni. K, 14, 9. Akasema hiyo ni siku ya kuzaliwa kwa chuma: herufi ni mwezi, A ni Januari, endelea kuhesabu. Tarehe kumi na nne, mwaka wa tisa, yaani '69.

Nimehesabu kwa vidole. K ni Novemba.

Akauliza kama kwa utani tu, "Mzee wenu aliacha kiwanda lini?" Dwain akadakia, "Mwaka huohuo, '69." Akamwongezea chai ya barafu bila kuulizwa.

Alhamisi, 3 Oktoba 2019

Nimefungua Biblia ya familia, ule ukurasa wa vifo. Mwandiko wa Baba mwenyewe: Bibi kazikwa Julai 19, 1969. Baba aliacha kazi aje kumzika. Hakurudi Michigan tena. Hilo alilisimulia kila Krismasi!

Julai. Na chuma kimezaliwa Novemba.

Nimempigia Gaither, nikamfokea. Nikamwambia macho yake yamezeeka, kasoma vibaya, na aibu yake kuchafua marehemu. Akaniacha nimalize. Akasema, "Mama, mimi sikusema lolote juu ya baba yako. Nimesoma chuma tu."

Nimekata simu. Maharage yameungua, mkate wa mahindi nimeusahau kwenye oveni. Sijala. Nina hasira na kila kitu chenye namba.

Ijumaa, 4 Oktoba 2019

Tumefungua. Dwain hakutaka, nimeshika spana mwenyewe. Boliti zilikuwa hazijaguswa tangu Baba azikaze. Tumeligeuza lile dude, nikakwangua gasketi kwa kisu cha jikoni. Imetoka vipandevipande, kama ukoko.

OPAL.

Nukta ndogondogo, zimegongwa kwa mkono. Herufi ya mwisho imelala kidogo.

Baba! Baba! Ulikula kiapo! Mimi nilikuwa mtoto, nikakua nikikutetea shuleni kwa ngumi. Kumbe ile turubai! Ulikimbiza mbio msimu mmoja tu ukaifunika, nasi tukasema ni unyenyekevu. Orville, bila vyuma vyake, akaacha mbio, akaingia kiwanda cha kuku mpaka vidole viwili vikabaki huko. Nawe jioni unatuombea chakula!

Dwain karudi na mashine ya kusagia. "Dakika mbili, dada. Jina linaondoka, na ile namba. Nani atajua?"

Nikamwambia, "Mjinga wewe, pakisagwa panang'aa! Kila mtu wa magari atajua palikuwa na kitu."

"Basi unataka tumzike Baba mara ya pili?"

"Alituzika wewe na mimi tukiwa hai!"

Sijawahi kumsemesha hivyo. Nimelichukua lile dude kifuani kama mtoto mchanga, zito, mafuta yote kwenye gauni, nimelitia kwenye buti la gari langu. Funguo nimelala nazo.

Jumamosi, 5 Oktoba 2019

Dwain kalivuta gari kwa trela, kalionyesha boneti imefungwa. Jina la Baba kwa rangi nyekundu.

Orville alisimama mbele ya gari, kofia mkononi, kisha akaivaa akaenda zake. Afadhali angetukana!

Jumapili, 6 Oktoba 2019

Naandika ndani ya gari, uwanja wa kanisa. Ibada inaanza dakika kumi zijazo.

Leo ni kuoshana miguu. Wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Huwezi kukaribia beseni na kinyongo, ndivyo tulivyolelewa. Nami miaka thelathini na tisa nakaa katikati ya binamu zangu ili Dada Opal, mke wa Orville, asinifikie. Kila mwaka ananitazama, taulo kiunoni, kisha anaosha mwingine. Nilijiona mwenye haki! Niliona ni yeye mwenye kinyongo!

Na taulo ni zamu yangu kufua. Ziko kwenye buti. Nimelifunikia lile dude kwa hizo taulo, sikuwaza. Sasa zote zitakuwa zinanuka mafuta ya injini.

Dwain ameshaingia. Kanipita bila kunitazama. Jana kaniambia nikifungua mdomo, mimi si dada yake.

Bwana, nina hasira hata na wewe. Kwa nini hukumwambia Baba afungue, akiwa hai?

Dada Opal anakuja. Anatembea kwa fimbo, pole pole, gauni la bluu. Amegonga kioo.

"Lorene, mwanangu, beseni ziko tayari, hatuna taulo. Fungua buti nikusaidie kubeba."

Nimemwambia subiri kidogo, namalizia kuandika.

Amesema hana haraka. Amekwenda kusimama kule nyuma, mkono juu ya buti.