Maziwa Niliyoyakataa Nangara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti limeacha kukusumbua? Na ule mgomba uliolazwa na upepo, mmeuwekea nguzo? Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani imenipasua midomo. Barua hii isome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe Elia kwanza. Utaona kwa nini.

Mama, mnanificha kitu. Kila nikipiga simu unasema "tuko salama," halafu haraka haraka unaniuliza kama nimekula. Zamani jirani yako Mama Pendo alikuwa akisikia sauti yangu anatoka hotelini kwake, anakunyang'anya simu, ananiuliza mchumba namleta lini. Sasa miezi inapita simsikii. Nikimuuliza mdogo wangu Elia, mtandao unakatika. Nikimuuliza habari za mpira, haukatiki! Juzi ndipo likamponyoka kwamba Mama Pendo kafunga hoteli. "Biashara tu, dada," akasema. Hoteli ile iliyokuwa ikiishiwa chapati saa tatu asubuhi?

Nilimshuku Elia, sikufichi. Unaijua kazi yangu: tangu nilipoacha kutibu ng'ombe nikasomea virusi, miaka yote nawafuata popo na virusi vyao vya korona, nione kama kuna vinavyoweza kuhamia kwa watu. Nilipokuja Babati na wenzangu tulikusanya kinyesi cha popo kwenye dari za watu, kule Bonga na hapo kwetu Nangara. Majibu ya kwanza yalionyesha dari ya Mama Pendo ina virusi. Nilivunja mwiko wa kazi nikamwambia Elia, yeye tu, kwa siri. Basi nikajua ndiye aliyekwenda kuyamwaga kijiweni. Nilimwandikia ujumbe mkali sana. Bahati nzuri niliufuta kabla sijautuma.

Badala yake nikampigia Daudi, yule dereva aliyetuzungusha. Akasitasita, nikambana.

"Daktari, usinichukie," akasema. "Watu walianza kupaogopa pale siku ile ile, hata sampuli zenu hazijatoka Babati. Wanasema, kama daktari mwenyewe kakataa maziwa ya Mama Pendo, sisi ni nani tuyanywe?"

Kumbe ni mimi, mama. Unaikumbuka asubuhi ile? Tulikuwa tumemaliza kukunja nailoni tuliyoitandika chini ya dari. Mama Pendo akaja na maziwa ya mgando kwenye vile vikombe vyake vya bati, kavipanga kwenye sinia, uso umejaa furaha, na wateja wote wanatazama. Sasa sisi tuna sheria: unapochukua sampuli huweki kitu mdomoni mpaka uvue ovaroli na kunawa vizuri. Ni hivyo kila mahali, hata ingekuwa jikoni kwako. Nilikuwa nimewasomea karatasi ya ridhaa mstari kwa mstari, nikaeleza popo, nikaeleza barakoa. Kikombe sikukieleza. Nilikisukuma kwa mkono wenye glovu nikasema, "Siwezi kunywa hapa." Mimi, mtoto wa Nangara, ninayejua kukataa maziwa ya mtu mbele za watu maana yake nini! Naona aibu hata kuliandika.

Uchunguzi umekwisha sasa. Virusi vile ni vya popo, si vile vilivyotuvalisha barakoa dunia nzima. Damu tuliyochukua kwa Mama Pendo na wanawe haina alama yoyote kwamba viliwahi kuwaingia. Aloweshe kinyesi kabla ya kufagia, na Daudi ataleta fundi wa kuziba matundu ya paa popo wakishatoka. Karatasi ya majibu anayo huyo huyo Daudi. Lakini nani pale mtaani ataamini karatasi?

Kuna jambo nimekuwa nikilizungukazunguka. Asubuhi ile kikombe chako kilikuwa kimeshafika mdomoni. Uliponisikia, ukakishusha. Mimi ni mgeni wa wiki mbili, mama. Wewe ndiye jirani yake wa miaka yote, ndiye mwenzake wa jumuiya. Naogopa kwamba watu waliniona mimi nikikataa, lakini walikufuata wewe.

Sikulaumu, uliniamini mwanao. Ila nakuomba, Jumapili mkitoka kanisani, nenda naye hadi kwake. Kaa pale nje, watu wote barabarani wakuone, umwombe maziwa. Mweleze ile sheria yangu, na umwambie namwomba radhi, na nitakapokuja nitakula na kunywa kwake kabla sijafika kwako.

Nisalimie mjomba wa Nakwa na shangazi anayeuza vitenge sokoni. Elia sasa mpe barua aisome yote, hata pale nilipomsema. Dada yake alimkosea.

Na nikipiga simu wiki ijayo, mama, usiniambie mko salama. Niambie umekunywa.

Mwanao aliyekupotezea rafiki,
Magda