Saa ya Baba, kutoka Python hadi C

Jumatatu, 3 Machi
Nusu ya msimbo wa programu imeshahamia C, kutoka lugha ya kompyuta niliyoizoea, Python. Chai imepoa, sijali. Python ilinidekeza kama mama mzazi. C hainipikii wala hainifulii. Naipenda hivyo hivyo.

Nafanya kwa ajili ya Baba. Macho yake yamekwisha, lakini kengele ya kanisa la kigango hapa Ntobeye bado ni yake kuipiga, kila siku saa kumi na moja alfajiri. Nilimtengenezea saa inayosema: anabonyeza, sauti yangu inamtajia saa kwa Kihangaza. Ila kompyuta ndogo iliyomo ndani inamaliza betri usiku. Ameshapitiliza mara mbili. Chipu mpya ni ndogo kama kucha na haili umeme, lakini haina nafasi ya kubeba Python. Basi C.

Jumanne, 4 Machi
Mwenyekiti wa kigango kamwita Baba. Akikosa tena kabla ya Jumapili kupita, kengele anapewa kijana wa kwaya. Nimechukia. Baba kutwa hakuwasha hata redio.
Nitamaliza kesho. Najijua.

Jumatano, 5 Machi
Imekamilika. Nimeijaribu tangu asubuhi mpaka jioni, haijakosea. Mimi ni fundi, asiyetaka anune. Nimemkabidhi Baba.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Baba kabonyeza alfajiri, kimya. Kabonyeza tena, kimya. Mama ndiye aliyetazama simu, wakakimbizana gizani kwenye matope, kengele ikalia kwa kuponea chupuchupu.
Baba kaniambia tu, "Mwanangu, imekataa kusema." Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeikamata!
Saa ya chipu inahesabu toka usiku wa manane, sisi tunahesabu toka kunapokucha. Kwa hiyo natoa sita, kisha nagawa kwa kumi na mbili na kuchukua baki. Mchana hakuna tatizo. Alfajiri, saa kumi na moja yetu chipu inaisoma tano, na tano kutoa sita ni hasi moja. Python yenyewe ilikuwa inaigeuza kuwa kumi na moja, kimyakimya, nami sikujua. C imeacha hasi moja vilevile, na sauti ya hasi moja sikurekodi.
Nimeongeza kumi na mbili kabla ya kugawa. Basi. Safari hii nimejaribu saa zote, za usiku pia.

Jumamosi, 8 Machi
Imesema vizuri. Lakini Mama alimnyemelea Baba mpaka kanisani, akihofia. Baba kasikia nyayo, kaudhika kweli. Kesho anataka kwenda peke yake. Mama kanuna. Mimi naiamini kazi yangu.

Jumapili, 9 Machi
Mvua imekatika. Nimeisikia sauti yangu kupitia ukuta, kutoka chumba cha pili, ikitaja saa. Kisha mlango, kisha fimbo ya Baba uani.
Kengele imelia. Mama alikuwa bado anakoroma.