Sato wa Mto Nepean

Ijumaa, 7 Novemba

Chai ipo kwenye chupa, mkate na mayai nimefunga. Kesho alfajiri anakwenda mtoni. Mume wangu. Wiki ya tisa naliandika neno hili na bado natabasamu peke yangu jikoni.

Amepanga vyambo vyake vya plastiki mezani, kimoja kimoja. Mvua imenyesha wiki nzima, mto umejaa, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Anasema besi, samaki wa mito ya huku ugenini, hawaondoki. Maji yakichafuka hujibanza ukingoni nyuma ya magogo, mkondo usiwabebe. Hawaoni vizuri, husikia mtikisiko. Kwa hiyo anachukua chambo cheusi, kikubwa, chenye njuga ndani. Namsikiliza nikitazama mikono yake. Nampenda mpaka naona haya.

Jumapili mama mkwe na wifi Odeta wanakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza. Elia wangu amewaahidi samaki wa mtoni.

Jumamosi, 8 Novemba

Karudi mikono mitupu. Mara ya nne mfululizo. Matope hadi magotini, anacheka. Kaoga, kalala.

Mimi sikucheka. Wifi alishaandika kwenye kundi la familia kwamba kaka yake huenda mtoni kuosha ndoano. Iliniuma kama nimetukanwa mimi.

Nikapanda treni hapa Doonside, kituo kimoja tu hadi Blacktown, nikanunua sato wawili wa barafu kwenye duka la Waafrika. Nikawayeyusha. Nikamlaza mmoja kwenye wavu wa Elia, kando ya buti zenye matope, nikapiga picha. Nikatuma kundini: "Kazi ya mume wangu hiyo." Elia hafungui kundi lile, anasema lina kelele.

Nilijisikia mke hodari.

Jumapili, 9 Novemba

Nilipika kwa nazi, kama kwetu Mwanza. Mama mkwe alionja, akaweka kijiko chini. Alitoka Burundi akaishi kambini Kigoma miaka mingi, sato anamjua.

"Sato iko hata mto ya huku," akasema. "Kumbe Mungu alitufuata."

Akasimama, akaomba, akataja jina la mwanawe na la mto. Odeta akaomba radhi kwa utani wake. Elia alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Asante, mama," akaendelea kula.

Amedanganya kwa ajili yangu. Mezani, mbele ya mama yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Hatujaongea. Ameenda shifti ya kazini Smithfield, amerudi. Chakula nilichomfungia amekula chote na chombo amekirudisha kimeoshwa. Nimelia kwa sababu ya chombo kile.

Jumanne, 11 Novemba

Mama mkwe alieneza picha kanisani. Jioni Salvatori akapiga simu, ndiye anayevua na Elia. Anasema sato hatakiwi kabisa katika mito hii, akiingia anawamaliza samaki wa hapa, na anayemwona lazima aitaarifu serikali. Salvatori anataka kujua ni kona ipi ya mto, atoe taarifa kesho.

Sikujua. Kwangu sato ni sato, mboga ya kwetu.

Elia alimwambia atampigia. Akakaa karibu nami. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Neema, kwa mama nilinyamaza ili usiaibike. Salvatori siwezi kumdanganya. Lakini si mimi wa kumwambia mama."

Jumatano, 12 Novemba

Nilimpigia Salvatori kwanza. Alicheka sana, kisha akasema, "Shemeji, ungeletea serikali kazi." Huyo alikuwa rahisi.

Kwa mama mkwe nilikwenda mwenyewe. Nikapiga magoti kwenye zulia lake, nikasema yote: duka, barafu, wavu, buti. Odeta alikuwepo. Hakutania, na hilo lilinichoma zaidi.

Mama mkwe akauliza, "Basi mimi nilimshukuru Mungu kwa samaki ya dukani?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akaenda jikoni. Hakurudi mpaka nilipoaga.

Ijumaa, 14 Novemba

Aibu inanifuata hadi kwenye foleni ya mkate. Nimefuta picha. Wengine wanayo.

Nimemwomba Elia anipeleke mtoni kesho. Amesema nichukue soksi nzito.

Jumamosi, 15 Novemba

Maji bado juu, bado machafu. Alinionyesha pa kurusha, karibu kabisa na gogo, kisha kuvuta polepole. Saa tatu nzima. Mara moja kitu kiligonga, uzi ukakaza, ukalegea. Basi. Nilimtazama akiwa mikono mitupu na nikaona hana hata chembe ya aibu. Hajawahi kuwa nayo. Aibu ile niliyokuwa naificha ilikuwa yangu.

Njiani simu yangu ikaita. Mama mkwe. Akauliza kama tumepata.

"Hatukupata kitu, mama."

Nikasikia sufuria ikifunikwa.

"Pitieni hapa. Nimepika dagaa."

Elia akageuza gari. Buti ziliacha matope mlangoni kwake. Nikaomba kitambaa, nikapangusa.