Daraja Letu Kwenye Kompyuta za Rehema

Dada Tumaini, shikamoo. Joto la huku Mikocheni halisemeki, nashindia juisi ya ukwaju.

Leo nilimtembelea Rehema, yule niliyesoma naye uhandisi, niliyekuwaga namfundisha hesabu. Unakumbuka laptop yangu ilivyochukua siku tisa kulijaribu kwa hesabu daraja letu tunalolijenga hapo nyumbani, kwa mafuriko ya aina moja tu? Rehema aliomba faili langu, akaigawa kazi kwa kompyuta arobaini alizoziunganisha kwa mtandao. Nyingine ziko Bunju, nyingine hata hajui ziko nchi gani, na zote zikapiga hesabu kwa wakati mmoja. Sie tukakaa kula wali na kibua wa nazi. Kabla sijamaliza sahani, daraja lilikuwa limeshajaribiwa kwa mafuriko ya aina mia mbili.

"Shosti, nguzo yako ya kati haitoboi," akasema taratibu. "Maji yakija na magogo, inang'oka."

Dada, nilitamani awe amekosea. Nilikagua namba moja moja kwa wivu, nikimtafutia kosa. Sikuliona. Roho iliniuma, maana keshokutwa tungemwaga zege kwenye nguzo hiyo hiyo, na wanao ndio wangepita juu yake kwenda shule.

Nikampigia fundi simu, nikamwambia asimamishe kazi. Rehema akaniongezea wali. Nilimshukuru, na bado namwonea wivu mpaka sasa hivi ninapokuandikia.

Wakumbatie wanangu kwa nguvu.

Mdogo wako, Happy