Gambuti za Baba

Merikit, Tororo

Kwako Kaka Ecodu,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, wifi Aidah na watoto mnaendelea vizuri huko Busia, Kenya. Sisi hatujambo, ila Baba amelazwa Tororo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa Benard, anayevuka mpaka na kuku wake.

Najua ulichokiona Jumapili ile. Baba alitoka kanisani akiyumba, macho ya njano, nawe ukageuza pikipiki bila kumsalimu. Ulisema amerudi kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya ulezi, na hutakanyaga kwake mpaka avunje mrija wake wa kuinywea. Sikulaumu. Kanisa zima lilimnunia, na mimi pia.

Wiki hiyohiyo alianguka uani, homa kali. Hospitalini wakamvua zile gambuti alizovaa hata kanisani, tukaona mguu ulioiva usaha. Alikuwa amejikata kwa jembe, akaficha. Daktari alieleza kwamba uchafu wa kidonda uliingia kwenye damu. Mwili ulipozidiwa, ukuta wa utumbo ukalegea, na bakteria wanaoishi tumboni mwa kila mtu, ambao kwa kawaida hawatudhuru, wakapenya hadi kwenye ini. Ndiyo maana macho yalikuwa ya njano. Nilimuuliza kuhusu pombe kwa aibu, akasema hakuona dalili yake. Dawa zimeanza kushika, lakini alituonya tusijipe uhakika.

Niliporudi kuchukua shuka nilitazama mrija wake. Uko palepale darini alipouchomeka alipookoka. Nilipoushika ukanivunjikia mkononi kwa ukavu. Kaka, nililia.

Sasa nakuambia alilonikataza. Alijikata katika shamba lako la mihogo, lile ulilosusa ulipohamia Busia likawa kichaka. Alikuwa akilipalilia ili siku ukirudi usikute aibu. Alisema ni afadhali umwite mlevi kuliko ujue ukajilaumu. Nilimwahidi kunyamaza, na ahadi hiyo nimeivunja kwa mkono wangu.

Wageni wanaruhusiwa saa kumi jioni. Jina lako halitaji, lakini mlango wa wodi ukilia anageuza kichwa, kisha anarudi kutazama ukuta.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mungu akufungulie njia.

Mdogo wako,
Acom