Baba, Siku Niliyosema Habari za Baruti

Baba,

Shikamoo. Mama hajui kwamba nakuandikia. Angejua angesema nimepandwa na homa.

Mwaka huu nimerudisha mashindano ya shule. Nisikilize kwanza. Mimi sasa ni mwalimu hapahapa kijijini, nafundisha katika chumba kilekile nilichosomea. Nilipopita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, kinamama walinifungia milango. Bi Somoe, jirani yetu, alinijibu dirishani kwamba mashindano yale yaliua mtu, na mtu mwenyewe ni baba yangu, sasa nataka nini tena. Nikaenda mlango uliofuata.

Mimi na wewe hatukuzungumza juu ya siku ile. Hatukupata nafasi.

Mwalimu Chilumba, aliyekuwa akinifundisha, alizialika shule tatu kwenye mashindano. Kila mwanafunzi alitakiwa asimame mbele ya watu aeleze jambo moja la kukijenga kijiji. Wengi walikariri ngonjera za kilimo. Mimi nilikuja na kapu la samaki. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona jasiri. Nilimpasua samaki mmoja aina ya changu kwa kisu cha Mama, nikawaonyesha uti wa mgongo uliovunjika na damu iliyoganda tumboni. Nikasema samaki wa nyavu hafi hivi. Nikasema baruti inaua mpaka mayai, na matumbawe yetu yamekuwa kifusi. Hapo nilipaswa kunyamaza. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, na katibu wa chama kutoka wilayani alikuwa anaandika. Makofi yalinilevya. Nikasema, "Baba yangu ana vidole viwili mkono wa kushoto. Hakukatwa na shoka. Alikatwa na baruti."

Habari ya shoka uliitunga wewe, nasi nyumbani tuliitunza miaka mitatu. Niliifichua mbele ya askari wawili waliokuja na katibu.

Ulivuka uwanja bila kukimbia. Kofi la kwanza liliniangusha juu ya samaki. Ukamnyang'anya Mwalimu fimbo yake, ukanichapa mgongoni, miguuni, kichwani, mpaka ikakatika. Mwalimu alipokushika ulimpiga ngumi ya pua, damu yake ikanirukia usoni. Hukunitukana hata neno moja. Ulikuwa unalia. Sijamwambia mtu mpaka leo kwamba ulikuwa unalia.

Katibu alisema mzazi ana haki ya kumwadhibu mwanawe, akawatuma askari wakatafute baruti. Waliikuta nyumbani kwa Hashimu, mwenzako wa mtumbwini. Mwenyewe alikuwa ameshatorokea mikokoni.

Alasiri nilikuwa nimelala kifudifudi ndani, Mama ananikanda kwa maji ya chumvi. Wewe ulikaa kibarazani, umetupa mgongo. Hashimu akaja na ndugu zake wawili, mmoja na panga, mmoja na pondo la kusukumia mtumbwi. Hawakukutaka wewe. Walinitaka mimi. Hashimu alisema ulimi uliomuuza ataukata. Nikakusikia unainuka. Ulisema polepole, kama mtu anayeeleza bei:

"Nimeshampiga mimi. Hakuna mwingine atakayempiga."

Pondo lilikupata shingoni. Hukuuacha mlango. Ulilidaka lile panga kwenye makali, kwa mkono wenye vidole viwili, ukalipokonya, ukamkata Hashimu bega mpaka mfupa ukaonekana. Kisha wakakuangusha. Baba, nilisikia kila pigo. Ilikuwa kama watu wanatwanga. Majirani walipofika na mipini ya majembe, kizingiti kilikuwa kinateleza kwa damu. Ulifia kwenye lori la ushirika, kati ya magunia ya korosho, kabla ya kufika hospitali ya Lindi. Mimi waliniacha nyumbani.

Miaka yote hii nimejiuliza kama ulikufa kwa ajili yangu au kwa ajili ya mlango wako. Mama anasema ni kitu kimoja. Mimi bado sijui.

Sasa sikiliza. Hashimu ametoka gerezani. Mkono mmoja unaning'inia tu. Mwezi uliopita alikuja kwenye shamba la shule, amemshika binti yake Zainabu, anataka nimwandike kwenye mashindano. Nilikuwa na jembe mkononi. Nililiinua, Baba. Nililipima na shingo yake, na watoto nyuma yangu waliacha kulima. Hakurudi nyuma.

"Mimi nipige," alisema. "Mtoto mwandike."

Nilishusha jembe. Nikampa Zainabu daftari, akaliandika jina lake mwenyewe.

Siku ya mashindano alizungumzia vyoo vilivyo karibu na kisima, na watoto wanaokufa kwa kuhara. Akataja nyumba moja moja. Ya mwisho ilikuwa yao. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu Hashimu alikuwa amesimama. Sikumbuki nilivyofika katikati ya uwanja. Nilijikuta nimemkinga yule mtoto kwa mikono yote miwili, nimekodoa macho, na kijiji kizima kinanitazama. Hashimu alinitazama pia. Kisha akageuka, akaenda zake.

Jumatatu nilisikia anachimba shimo jipya la choo, mbali na kisima, kwa mkono mmoja.

Sijamsamehe. Sikuahidi hilo. Wewe nimekusamehe zile fimbo, na nakuomba radhi kwa kuitangaza siri yako. Kwa kuisema baruti siombi radhi. Mawimbini bado inalia mara mojamoja, na mwakani kuna watoto wawili wanaotaka kuisema.

Nakuahidi wataisema. Nami nitakuwa nimesimama karibu nao, upande wanakokaa wazazi.

Mungu akulaze panapo nafasi, Baba. Ijumaa nitakuja kupalilia kaburi.

Mwanao,
Hadija